Swali kabla ya mtumba kupangwa

Jumanne, Urambo

Miaka kumi na minane ya uandishi, na leo nimekosea kama mwanafunzi. Sokoni nilimuuliza mkulima malalamiko yake mbele ya mteuzi anayepanga madaraja ya ubora, mtumba wake wa tumbaku ukiwa bado haujapangiwa daraja. Mkulima akainama, akakaza kamba ya mtumba.

Mzee Kassimu, anayeripoti masoko haya tangu nikiwa shuleni, akanivuta pembeni. "Mwanangu, akisema sasa anaogopa kushushwa daraja. Hilo ni jasho la mwaka mzima."

"Ungeniambia mapema, mzee."

"Ulishuka garini maswali yako mdomoni. Ungenisikia saa ngapi?"

Nikafunga daftari. Mtumba ulipopata daraja zuri, mkulima alitufuata mwenyewe, akampa Kassimu shikamoo, akaeleza yote.

Kesho nitamuuliza mzee kabla sijafungua mlango wa gari.