Niliyomwambia Bwana Harusi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti lako limekubali kukunjika bila kukutoa machozi, na wanangu hapo nyumbani wanakula na kusoma, au walau wanakula. Mimi sijambo. Cherehani inazunguka na wateja wa mapazia hawajambo pia, isipokuwa yule mama wa ghorofa ya tatu aliyerudisha pazia lake mara ya nne, akilalamika kwamba halianguki vizuri. Nimemjibu kwamba pazia likianguka ndipo aniite.

Uliniuliza maendeleo ya masomo yangu ya farasi. Nina habari njema, na nina nyingine ambayo nitaifikia polepole, kwa hiyo usiruke mistari.

Kama ujuavyo, miaka miwili nimempanda yule farasi mzee wa klabu, anayetembea kama anakwenda kuulizia pensheni. Daktari aliponishauri nitafute zoezi la kunyoosha mgongo alimaanisha kuogelea. Lakini wiki ile ile nilikuwa klabuni kupima madirisha ya ofisi, nikamwona mwalimu juu ya tandiko, mwanamke wa umri wangu, amekaa wima kama rula. Nikajua dawa yangu nimeiona. Anachofundisha kinaitwa dresaji. Farasi hakimbizwi wala harushwi juu ya kitu. Anazoezwa kutembea kwa madaha, kuchora duara lisilo na kona, kusimama pale unapotaka asimame, na mtazamaji asijue umemwomba kwa njia gani.

Miezi minne iliyopita mwalimu aliniambia kwamba farasi mzee hana la kunifundisha tena. Akanikabidhi kijana wa miaka mitano, mwekundu, miguu mirefu kama ngazi. Sote klabuni twamwita Bwana Harusi, kwa kuwa kila akitolewa bandani hutoka akitetemeka, jasho linamtiririka, macho huku na huku kama anatafuta mlango wa nyuma.

Dada, kiumbe yule ni mwoga sijapata kuona. Anaogopa ndoo. Ukiisogeza ndoo ile ile upande wa pili, anaiogopa upya. Anaogopa mwavuli, mtu anayepiga chafya, na siku moja alimkimbia farasi mzee ambaye wanakaa naye ukuta kwa ukuta. Wiki ya kwanza alinimwaga mara tatu, wiki ya pili mara mbili, ndipo nikakuandikia kwamba napiga hatua.

Mwenye farasi, bwana mmoja wa kiwanda cha matofali, alikuja akasimama uzioni na kutangaza kwamba amechoka kulisha kitu kinachoogopa chakula chake. Akampa mwalimu muda hadi siku ya majaribio ya klabu. Bwana Harusi akishindwa kumaliza zoezi moja mbele ya jaji bila kutoka nje ya uwanja, atampeleka kiwandani akavute mkokoteni. Nilimtazama amesimama na miguu yake ya ngazi, ananinusa mfuko wa koti, nikaona siwezi kumwacha.

Nilipomuuliza mwalimu tatizo la farasi huyu ni nini, aliniambia bila kunionea haya kwamba tatizo ni mimi. Akasema nikipanda tu nabana pumzi, nabana mapaja, nabana hata meno, na farasi akiona aliye juu yake ameganda anaamini chui yuko karibu. Alinitaka nipumue. Nilijaribu kuhesabu, nikapotea kwenye kumi na nne. Nilijaribu kuimba, na Bwana Harusi akakimbia, wala siwezi kumlaumu. Mwisho mwalimu akasema, “Basi zungumza naye. Mtu anayezungumza hawezi kubana pumzi.” Akanibandika kipaza sauti kidogo kwenye kola ili asikie kutoka mbali kama napumua.

Nikaanza na yule mama wa ghorofa ya tatu. Nilipofika alivyorudisha pazia mara ya pili nikaona sikio moja la farasi limegeuka nyuma, linanisikiliza. Kwenye mara ya tatu farasi akashusha shingo, akaanza kutafuna chuma cha hatamu taratibu, na mgongo wake ukainuka chini yangu kama unga unaoumuka. Tulizunguka duara zima kwa mwendo wa mchakamchaka bila kuona ndoo wala mwavuli. Mwalimu alivua kofia yake na kuivaa tena.

Nitakwambia ukweli, dada. Tangu kitindamimba wangu ahame, nyumba yangu imekuwa kimya mno. Narudi jioni naongea na pasi. Kumbe nilikuwa nimejaa kama gunia. Wiki baada ya wiki nilimweleza farasi yule kila kitu: wateja, majirani, talaka ya binamu yetu, meno ya bandia ya shangazi. Naye alizidi kulainika. Jambo likiwa zito alitembea vizuri zaidi. Umbea mdogo alikuwa ameshauzoea.

Siku ya majaribio ilifika Jumamosi iliyopita. Jaji alikaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, watu kama themanini walijipanga uzioni, na mwenye matofali alisimama mbele yao amefunga mikono. Mwalimu alikuwa amenionya kwamba jaji hukata alama mpandaji akitoa sauti, kwa hiyo niliingia nimefunga mdomo. Tulisimama vizuri, tukamwinamia jaji kichwa, tukaanza. Tulipofika kona ya kwanza upepo ukainua kile kitambaa cheupe. Bwana Harusi akawa jiwe. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye visigino vyangu. Mstari wa mpaka ulikuwa hatua mbili tu, na mwenye matofali alikwisha kuanza kutikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipozungumza, dada. Nilinong’ona. Umbea mdogo haungefua dafu, kwa hiyo nikampa mkubwa kuliko yote niliyo nayo. Nikamweleza habari za kile kiti cha shemeji. Jinsi kilivyokuwa kinakuudhi kwa miaka kumi na moja, kwa springi zake zilizochomoza na harufu yake. Jinsi ulivyomwita mtu wa mkokoteni akipeleke mbali asikokujua mtu. Na jinsi ulivyomwambia mumeo kwamba wezi wamepita dirisha la nyuma, hadi akaweka nondo nyumba nzima.

Farasi alitembea, dada, kama maji. Maduara yote mawili, kusimama, kurudi nyuma hatua nne. Nilisikia watu wakicheka nikadhani ni furaha. Kumbe kile kipaza sauti nilisahau kukivua, na mwalimu alikuwa amekiunganisha na spika za uwanja asubuhi, alipokuwa akizijaribu kama zinalia.

Jaji alitukata alama za sauti, lakini tukapata asilimia sitini na moja, na mwenye matofali amesema Bwana Harusi anabaki. Hiyo ndiyo habari njema.

Nyingine ni kwamba shemeji alikuwa uzioni. Semina iliyomleta huku kwetu ilimalizika mapema siku ile, akaja kunishangilia. Nilishuka nikataka ardhi inimeze. Akanivuta pembeni, akaniambia nisijisumbue, anajua. Alikigundua kiti chake wiki ya tatu, kwa kinyozi wa nyuma ya soko. Tangu hapo kila Jumatano na Jumamosi anakwenda kukikalia na gazeti lake, na anasema hajawahi kukifaidi hivyo, maana kule hakuna anayemwambia ainue miguu ufagio upite. Dada, mumeo hana unywele hata mmoja na ndevu hafugi. Miaka miwili anakuaga anakwenda kwa kinyozi, nawe hukuuliza?

Aliniapisha nisikwambie. Nimeapa. Ningekupigia simu, lakini yuko sebuleni kwangu, anasikia kila kitu. Kwa hiyo nakuandikia, na kwa kuwa anasafiri kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Nimeigundisha bahasha, kisha nimeipitisha kwenye cherehani, mshono mara mbili. Ikikufikia na mshono umefumuliwa, nyamaza tu, mpikie vizuri.

Wabusu watoto. Wasalimu majirani, ila usiwaambie kitu. Nikumbuke katika dua zako, na mnisamehe nyote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku