Marahaba Niliyoitikia Kwenye Kona

Jumapili. Upepo wa mlimani unapiga mabati tangu alfajiri, na leo sitaki kuongea na mtu.

Jana kulikuwa na ngumi za ridhaa hapa Katesh. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si bondia, ila wikiendi najitolea kwenye klabu yetu ya Nangwa. Nashika ndoo, sifongo na taulo. Taulo ndiyo kazi yenyewe: ukilirusha ulingoni, pambano limekwisha. Bondia wangu jana alikuwa Petro. Nilimfundisha mpaka kidato cha nne, sasa analima na mama yake.

Raundi ya kwanza Petro alimtandika yule wa Mbulu mpaka damu ya pua ikarukia kamba. Nakiri, nilipenda. Mwalimu mzima, ninayewachapa watoto kwa kupigana, nilikuwa napaza sauti, "Mmalize huyo."

Ya pili mambo yakageuka. Petro alikula ngumi ya ubavu, akainama, akakutana na nyingine ya sikio, kisha ya taya. Nilisikia meno yakigongana. Mwamuzi akamhesabia mpaka nane, akamruhusu aendelee. Akala tatu zaidi usoni kabla ya kengele.

Akaja kwenye kona, jicho moja limefumbika. Nikamtoa kinga ya meno, ikaja na uzi wa damu. Akanitazama, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, kaa hapa," nikamjibu, nikaanza kumpaka mafuta kwenye jicho.

Petro alishaniamkia asubuhi tulipokuwa tunapanda gari. Mtu uliyeshinda naye tangu asubuhi hakuamkii tena. Kichwa chake kilikuwa kimeshafuta siku nzima, ananiona kama ndiyo kwanza tunakutana. Nami kwa mazoea nikaitikia, nikamrudishia kinga yake, nikampiga begani akapigwe.

Akapigwa. Ngumi moja ya kidevu, akaenda chini, kichwa kikadunda kwenye mbao. Miguu ikabaki inatetemeka yenyewe.

Taulo lilikuwa shingoni kwangu.

Leo asubuhi nilipoingia wodini alikolazwa aliniamkia, nikaitikia. Saa nane nikarudi makusudi, nikasimama mlangoni kimya. Akiniamkia upya, basi kichwa chake hakijarudi, na mimi ndiye niliyekipoteza. Alinitazama muda mrefu, mama yake akiwa ameshika kijiko cha uji.

"Mbona umesimama, madam? Si ulikuja asubuhi?"

Nikatoka nje, nikalia kama mtoto. Mama yake akanifuata, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwangalia mwanawe. Nikazipokea shukrani zake. Mwoga mkubwa mimi.

Kesho nikitoka darasani nitamwambia mama huyu ukweli. Nitaanza na shikamoo, kama inavyopasa. Baada ya hapo sijui nitasema nini.