Mama Mkwe Akiwasha Televisheni, Laptop Yangu Inakosa Mtandao

Mpendwa mshauri, shikamoo na pole kwa kazi. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana mama mkwe wangu anafunga mizigo, mimi ndiye niliyemfikisha hapo, na mpaka naandika haya sijui kama nimekosea au nimesema kweli.

Mimi ni mkalimani, kazi yangu naifanyia nyumbani, kwenye chumba kidogo kilicho kati ya jiko na sebule, nina meza, kiti, laptop na hedifoni, basi. Daktari yuko hospitali na mgonjwa wake hawaelewani lugha, wananipigia kwa mtandao, daktari akisema nasema, mgonjwa akijibu nasema, mtu akilia mimi silii, nasubiri anyamaze kisha nafasiri alichosema. Nakueleza hivi usije ukadhani mimi ni mtu wa jazba. Sina jazba, na hata siku hiyo sikupaza sauti.

Mume wangu ni fundi wa lifti, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mama yake ni mkunga mstaafu, mjane, alikuja kukaa nasi baada ya kuteleza bafuni kwake akaumia nyonga, na mimi ndiye niliyemwambia mume wangu tumlete, akae peke yake usiku na mchana ya nini. Akaja na begi lake, fimbo yake, na televisheni aliyonunuliwa na wanawe alipostaafu, hizi za kisasa zinazovuta filamu kwenye intaneti. Yetu ya zamani tukaihamishia chumbani, yake ikakaa sebuleni, na ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai, ipo kwenye rafu nyuma ya kiti anachokalia. Hatukuwa na ugomvi. Ila mama ana mdomo, akinisikia kazini husema, "Enzi zetu mgonjwa ulimshika mkono, ninyi mnaongea na ukuta," na mimi nilikuwa nacheka, lakini neno lile lilinikaa.

Haukupita muda laptop ikaanza vituko. Inaniambia imeunganishwa na waifai, lakini hakuna intaneti. Simu yangu ipo mkononi inafungua kila kitu, simu ya mume wangu inafungua, televisheni ya mama inaimba sebuleni, laptop yangu peke yake ndiyo imesusa. Nikaizima nikaiwasha, nikakata waifai nikaiunganisha tena, nikahama na kiti mpaka nikawa nimekaa karibu na ruta kama naiuguza, nikachomoa ruta kwenye umeme, nikasubiri, nikairudisha, inakubali kidogo halafu inasusa tena. Nikapiga simu kwa watu wa intaneti, binti aliyepokea akasema, "Huduma yako iko vizuri, dada, angalia kifaa chako." Nikapeleka kifaa kwa fundi, akachomeka waya wa dukani kwake, ikafunguka palepale, akasema, "Kifaa kizima, dada, angalia nyumbani kwako." Nikarudi nyumbani, nikaangalia.

Na nilichokiona ndicho hiki. Mama akienda kliniki, mtandao upo. Mama akilala mchana, upo. Mama akikaa kwenye kiti chake na kuwasha televisheni, haupo. Siku moja nilimkuta mkono wake uko nyuma, kwenye rafu, nikamuuliza unafanya nini, akasema anafuta vumbi. 

Siku ya tukio nilikuwa kwenye simu ya mama mmoja, mwanawe alikuwa apasuliwe moyo. Daktari alisema, "Tutamfungua kifua, na operesheni ina hatari zake." Nikafasiri. Akaendelea, nikamsikia anaanza kueleza kwamba wamewafanyia watoto wengi na wengi wametoka salama, na hapo ndipo mtandao ulipokatika. Yule mama akabaki na kifua na hatari. Mpaka wanampata mkalimani mwingine, alikuwa ameshambeba mwanawe na kuondoka wodini, wakamkuta getini anatafuta usafiri. Walimtuliza, mtoto akapasuliwa, anaendelea vizuri. Lakini msimamizi wangu aliniambia simu ikikatika tena hivyo, ananitoa kwenye simu za hospitali.

Nikavua hedifoni nikatoka sebuleni. Mama alikuwa na wifi yangu, ambaye ni msusi na alikuja kumsuka, na jirani wa mlango wa pili. Nikasema, "Mama, kama hutaki nifanye kazi hii niambie, usinizimie mtandao kichinichini."

Akasema, "Nikuzimie nini?"

"Ruta iko mgongoni kwako."

"Mwanangu, mimi hata hii rimoti najua vitufe viwili."

Wifi akaacha kitana kichwani mwa mama yake. "Unamwita mama mwongo?"

"Sijamwita mwongo. Nimeuliza habari ya mtandao."

Mama akazima televisheni, akachukua fimbo, akaenda chumbani nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja. Na mshauri, hata mlango hajaufunga, laptop yangu ikapata mtandao. Nikamwita wifi aje aone. Akaona. 

Tangu siku hiyo mama hajawasha televisheni na mtandao wangu haujakatika hata mara moja. Mume wangu anasema mama yake hawezi kufanya jambo kama lile, namwambia sawa, basi nieleze hiki ninachokiona, anakaa kimya. Jumamosi mama anahamia kwa wifi, na wifi anakaa ghorofa ya juu kabisa, jengo halina lifti, na nyonga ile. Nisaidie: nimwombe abaki na mtandao ukatike nipoteze kazi, au nimwache aende nibaki na kazi na jina baya?

Ni mimi, Mkalimani wa chumba cha kati.

MSHAURI ANAJIBU

Mkalimani, barua yako imefika mezani kwangu Alhamisi, mama anaondoka Jumamosi, na gazeti hili linatoka Jumapili. Ningesubiri zamu yako, ushauri ungekukuta unafagia chumba kitupu. Ndiyo maana nilikupigia simu kwa namba uliyoiweka kwenye bahasha. Naandika tuliyoyafanya ili wasomaji wengine wafaidike, maana najua si wewe peke yako uliyeyageuza mambo ya waifai kuwa mambo ya wifi na mama mkwe.

Kwanza pole. Kusikia sentensi yenye matumaini ikikatikia kooni mwako huku mtu anabeba mwanawe na kukimbia, si jambo dogo, hata kama umeliandika kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Ulitishika. Ungemwambia mama hivyo, kwamba umetishika, tungekuwa tunazungumza mengine.

Sasa nikuseme. Ulichokiona kilikuwa kweli tupu: mama akiwasha televisheni, mtandao wako unakufa. Ukaruka kutoka hapo mpaka kwenye mama kuua mtandao wako, na katikati ya hayo mawili kulikuwa na televisheni nzima, imekaa sebuleni, hukuiuliza hata swali moja. Ukamhoji bibi mwenye fimbo.

Nilimketisha fundi wa kompyuta wa hapa gazetini kando yangu, akataka kujua jambo moja tu: hiyo laptop, nani aliiunganisha na ruta yenu mwanzoni? Ukasema kampuni yako ilituma mtu, akaiwekea namba ya kudumu ili simu za kazi zisiyumbe. Fundi wetu akacheka, akasema tumefika.

Iko hivi, wasomaji. Kila kifaa kinachoingia kwenye ruta ya nyumbani hupewa namba, kama namba ya nyumba, ili vinavyoletwa kutoka nje vijue mlango. Simu zetu huiomba ruta, na ruta huzigawia. Laptop ya Mkalimani haikuomba. Ilipigiliwa namba yake na yule mtu wa kampuni, wala ruta haikuambiwa kwamba namba ile ina mwenyewe. Televisheni ya mama ilipofika ikaomba namba, na ruta ikaipa ileile. Televisheni ikiwashwa, nyumba mbili zina namba moja, na mzigo unashushwa kwenye mlango wa kwanza. Simu hazikuguswa kwa sababu namba zao ni nyingine. Fundi wa dukani alitumia waya wake, na namba ile ilipigiliwa kwenye waifai tu, si kwenye waya, ndiyo maana akakurudisha nyumbani. Hakuna aliyekudanganya.

Nikakuambia tuhakikishe, washa televisheni. Ukasema rimoti iko chumbani kwa mama. Nikakuambia basi kagonge. Nikasikia unatembea, nikasikia mlango.

"Mama, naomba rimoti."

"Ya nini?"

"Nataka kuwasha televisheni."

Na mimi niliye upande wa pili wa simu nikamsikia mama mkwe wako akiuliza, "Na mtandao wako je?"

Mkalimani, sijui wewe ulilisikiaje swali hilo. Mimi niliweka kalamu chini. Siku zote hizo ulidhani amesusa, au amekamatwa. Kumbe mwanamke ameshtakiwa kosa asilolijua, hajaelewa amelitendaje, akaamua kukaa chumbani bila televisheni yake ili kazi yako isiharibike. Mhalifu gani huyo?

Ukawasha televisheni, laptop ikasusa, kama fundi alivyosema. Ukafungua mipangilio, ukaingia kwenye mtandao, kwenye waifai yenu, ukateremka mpaka sehemu ya anwani, ukakuta imewekwa kwa mkono. Ukabadilisha iwe ya kujipatia yenyewe, ukahifadhi, ukazima ruta na kuiwasha. Kwa sikio moja nikasikia watu wa kwenye filamu wanacheka, kwa la pili nikakusikia wewe: "Imefunguka." Vyote viwili kwa pamoja. Wenye shida kama hii jaribuni hivyo kabla ya kugombana na mtu. Na wewe ijulishe kampuni yako. Wakitaka lazima namba ya kudumu, waitenge ndani ya ruta yenyewe, isigawiwe mwingine.

Hapo ningekuaga kwa furaha, lakini simu ilikuwa bado wazi, nikakusikia unaita, "Mama, kumbe ilikuwa televisheni!" Akajibu, "Haya." Ukarudi kwangu kunishukuru.

Nikakuuliza umeshamwomba radhi? Ukasema umemwambia. Hapana. Ulimpa taarifa. Hata mtabiri wa hali ya hewa hutoa taarifa.

Nilikuambia na ninarudia hapa. Ulimvua heshima mbele ya binti yake na jirani, usimvishe faraghani. Wifi akifika Jumamosi kumchukua, mkaribishe ndani. Mwite na jirani. Sema uliyemshutumu ni mama, aliyekosea ni wewe, na unaomba radhi. Usianze kueleza habari za namba za ruta. Huko ni kujificha. Lile neno lake la kuongea na ukuta lilikuumiza na una haki ya kumwambia, ila si siku hiyo. Siku nyingine, mkiwa wawili, msimulie habari ya yule mama wa getini. Mkunga ataelewa kazi yako kuliko unavyofikiri.

Na mume wako, fundi wa lifti, naye nina neno naye. Bwana, mama yako akishutumiwa nawe ukakaa kimya, na mkeo akikuomba maelezo nawe ukakaa kimya, unadhani unapatanisha. Unawaacha wote wawili wamekwama kati ya ghorofa.

Ukurasa huu ulikuwa umeshakwenda kupangwa Mkalimani aliponipigia jioni ya Jumamosi, nikaomba nafasi hii ndogo. Amesema ameyasema, amesimama mbele ya wifi na jirani, kwa maneno machache. Wifi alikuwa ameshakunja uso kwa ajili ya ugomvi, ukamkosa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kidogo, akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Sasa nipisheni hapo mbele, kipindi changu kimeanza." Wifi akavua viatu, akaketi kumaliza ule upande wa nywele uliobaki. Mkalimani akaingia chumbani kwake, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapokea simu ya wodi ya wazazi na kuimaliza bila kukatika.

Begi la mama bado liko mlangoni. Umeniuliza, Mkalimani, kama ulirudishe chumbani wakati amelala, ili yaishe.

Usiliguse. Alilifunga mwenyewe, mwache alifungue mwenyewe. Wewe kila asubuhi lizunguke tu, ukamsalimie.