Dirisha la Upande wa Mikoko

Likoni,
Agosti 1961

Kwa dada yangu mpenzi Barke,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Vanga, na shemeji mzima, na wale watoto wako watundu wawe hawajakumaliza. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kikohozi cha mama mkwe wangu, Bi Mwanasiti, kimepungua. Mimi mwili hauna neno, ila eda ya marehemu Jaffar ingali inanibana: chumba kimoja, nguo za bafta nyeupe, na dirisha la upande wa mikoko ambalo siruhusiwi kulifungua.

Uliniuliza kama ni kweli shemeji yangu Badi anataka kunioa. Ni kweli, ingawa mimi sikuulizwa na mtu. Niliyasikia nyuma ya pazia, eda haijafika hata nusu: mama mkwe akisema mke wa Jaffar hatoki nyumba hii, na kwamba kaka yetu, mimi na wewe, ameshaitikia posa. Na Badi unamjua, dada, mkono wake ni mwepesi. Mkewe wa kwanza alirudi kwao na jino pungufu.

Basi wakaja Wazungu wa senema. Walitaka ufuo wetu kwa filamu ya kutisha, ya jini atokaye mikokoni kuwachukua watu. Badi akaajiriwa kushika ubao mkubwa uliobandikwa karatasi ya kung'aa, wa kurudishia jua pale wanapotaka mwanga. Akija nyumbani, kazi yake kujisifu kwa mama yake. Alisema wanapiga picha mchana mweupe, lakini mpiga picha hutia kioo cheusi mbele ya kamera, na ufuo ukitoka humo ni usiku mtupu. Ile mizizi tunayoikanyaga tukiokota chaza, alisema, ukiiona kwenye picha huthubutu kuikaribia tena.

Picha zilipelekwa Nairobi kusafishwa, zikarudi, zikaonyeshwa kambini mwao kwenye shuka. Siku hiyo Badi alirudi akitweta. Alimwambia mama yake kwamba nyuma ya mikoko, gizani, ameiona nyumba hii, dirisha li wazi, na mwanamke wa mavazi meupe amesimama akimkodolea macho. Wazungu walifurahi, wakamuuliza ni nani. Yeye siku ya kupiga picha aliipa nyumba mgongo, hakuona mtu. Alihamia Changamwe kesho yake, akatuma neno kwamba posa haipo tena, hawezi kulala nyumba moja na jini.

Dada, yule alikuwa mimi. Nilimsikia Badi akisimulia habari ya kioo cheusi, nikangoja hata kamera ilipoanza kulia, nikafungua dirisha, nikasimama. Nilitaka aniogope, kwa kuwa mdomo wa kumkatalia sikuwa nao. Wala hakuna aliyenishuku. Nani angewaza kwamba mjane wa eda atajianika mbele ya wanaume wageni? Nilicheka peke yangu, wallahi, nikiuma mto.

Sasa sicheki. Bi Mwanasiti anaamini jini huyo ndiye aliyemchukua Jaffar wake, na kwamba sasa anamngoja yeye. Hali chakula, halali usingizi. Amehamishia mkeka wake chumbani kwangu, na akisinzia hunishika mkono. Nikimwambia kweli, hofu itamtoka, na Badi atarudi kabla jua halijatua. Nikinyamaza, namuua mama wa watu kwa woga. Jana aliniwekea msahafu, akaniomba niape kwamba eda ikiisha sitamwacha peke yake humu. Niliapa. Kwa hiyo usije kunichukua kama tulivyokubaliana.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Bi Mwanasiti naye anakusalimu. Yuko hapa ubavuni pangu, hajui kusoma, na amenishika nguo. Anakuomba sana umtafutie huko Vanga mwalimu ajuaye kutoa majini.

Nduguyo akupendaye,
Johari