Barafu Kavu Iliyoishia Njiani

Njombe, Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nimejifunga vitenge viwili na bado natetemeka, wala sidhani ni baridi peke yake.

Leo nilikwenda Makambako kupokea boksi la barafu kavu kutoka Dar. Bila barafu hiyo, sanduku letu la kioo pale maabara ni pambo tu. Ndani tunaweka spiriti, chini tunalaza barafu, halafu chembe zinazoshuka kutoka anga za juu, zile zinazopenya mabati na miili yetu kila dakika, huchora mistari myembamba ya ukungu. Ndivyo kitabu kinavyosema.

Basi lililolibeba liliharibika kwenye mlima wa Kitonga, likalala huko. Kondakta alinikabidhi boksi kwa mkono mmoja.

"Mwalimu, mbona jepesi hivi? Una hakika waliweka kitu?"

Nililifungua palepale stendi. Hata tone la maji halikuwemo. Barafu kavu haiachi maji, hugeuka hewa ikatoweka. Nikaketi chini, nikalia. Mama mmoja muuza viazi akaniinamia: "Pole dada, umefiwa?" Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho saa nne wageni wa wilaya wanakuja kuona mistari hiyo. Wasiporidhika, chumba cha klabu yetu ya sayansi kinageuzwa stoo ya magodoro.

Sasa niseme ambalo nimelificha.

Mwezi uliopita tulijaribu kwa barafu ya kawaida na chumvi. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliinamia kioo kipindi kizima, hadi Neema akauliza, "Mwalimu, si ule pale?" Nikajibu ndiyo. Ulikuwa mkwaruzo kwenye kioo. Darasa likapiga makofi, nami nikaenda kumwambia mkuu wa shule kwamba tumefaulu. Ndiyo maana akaalika wageni.

Miaka tisa nafundisha fizikia. Sijawahi kuona hata mstari mmoja.

Jioni hii nimempigia mkuu, nikamweleza yote, ya barafu na ya uongo.

"Wageni siwezi kuwazuia," akasema. "Na wanafunzi utawaambia mwenyewe."

Nitaingia darasani saa moja na nusu, kabla wageni hawajafika. Nitaanza na Neema. Siku ile aliandika kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu: Nimeuona kwa macho yangu.

Nitamwambiaje afute?