Mpinzani Wangu Mahakamani Kawa Mkwe Wangu

Mshauri mpendwa, pokea salamu za mtu aliyezoea kuuliza maswali, si kuomba msaada, lakini leo maji yamenifika shingoni na nakuomba uninyooshee mkono.

Mimi ni wakili wa serikali, kazi yangu ni kuendesha mashtaka ya zile kesi nzito zenye washtakiwa wengi na majalada ya kujaza toroli, na kazi hii sikupewa na mjomba wala shemeji, mama yangu alikuwa akipiga pasi nguo za watu na mimi nikajifunza hesabu pembeni ya meza yake nikijumlisha mashati, kwa hiyo ukinipa karatasi za benki mimi sioni karatasi, naona nani kamdanganya nani. Ofisini wananiita Kikokotoo. Wanadhani sijui.

Sasa hivi nina kesi ya mashine za hospitali zilizolipiwa na hazikufika, fedha zikazungushwa kwenye kampuni saba ambazo ukizifuata anwani zake zote unaishia kwenye mlango mmoja, saluni ya nywele, na mwenye saluni mwenyewe hana habari kwamba anaishi na matajiri. Kesi hiyo nimeilea kama mtoto njiti. Upande wa utetezi yupo wakili mmoja ambaye makarani wa mahakama wamembatiza Bwana Ahirisho, kwa sababu leo jino linamuuma, kesho mteja wake ana presha, mara jalada limebaki kwenye gari, gari liko kwa fundi, fundi kafiwa. Na kila mara mimi husimama na kusema sentensi yangu ileile, "Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka uko tayari kuendelea," naye hunigeukia na tabasamu la muuza manukato. Mshauri, nimemchukia mtu huyu kwa adabu zote za taaluma yetu.

Basi binti yangu, mwanangu wa pekee, mwalimu wa fizikia, akaleta mchumba. Kijana ni mpima ardhi, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa, nikampenda hata kabla mume wangu hajamaliza kumkagua. Alisema baba yake ni wakili, nami sikuchimba zaidi kwa sababu mjini hapa mawakili ni wengi kuliko kesi, mimi huyuhuyu ninayewafundisha vijana ofisini kwamba shahidi haachwi baada ya swali moja!

Ikapangwa wazazi tukutane kwenye mgahawa mmoja wenye chumba cha faragha huko nyuma. Tulipofika tukamkuta Bwana Ahirisho ameshakaa, kavaa shati la maua, mkewe pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amewahi.

"Wewe!" nikasema.

"Msomi mwenzangu," akasema, akainuka kunivutia kiti. "Kumbe huwa unacheka? Kwenye picha hii aliyonionyesha mwanangu unacheka."

"Nilikuwa sijajua picha hiyo ataonyeshwa nani."

Wifi yangu, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye alikuwa msemaji wa upande wetu. Mambo yakaenda vizuri mpaka Bwana Ahirisho aliposimama kumsifia mwanawe, akasema, "Kijana wangu kalelewa kwenye nyumba ya watu wanaotunza miadi." Mshauri, sijui nilisimama saa ngapi.

"Napinga!"

Naye bila hata kufikiri akamgeukia wifi yangu. "Mheshimiwa, naomba nilindwe. Msomi mwenzangu ananikatiza."

"Mheshimiwa, hana ushahidi wa hayo anayoyasema!"

Wifi akaweka kijiko chini polepole. "Kaeni wote wawili. Pingamizi limesikika mpaka jikoni. Atakayesimama tena ndiye atakayelipa bili."

Tukakaa. Watu walicheka mpaka mhudumu akarudi kuchungulia, na mume wangu, fundi saa, mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa, alicheka machozi yakamtoka, na hilo bado sijamsamehe.

Kisha ikaja habari ya tarehe. Wachumba walikuwa wameshachagua, na tarehe yao inaangukia katikati ya wiki zile ambazo utetezi utakuwa unaita mashahidi wake, wiki ambazo mimi nimezingoja kuliko mvua. Nikaomba kwa upole harusi isogezwe mpaka hukumu itoke. Binti yangu akaniuliza, "Hukumu ni lini, mama?" Tarehe ya hukumu haijulikani, na haijulikani kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya huyo aliyekaa mbele yangu anamenya chungwa! Na huyohuyo akajifuta midomo, akaangalia dari, akasema, "Sisi upande wetu tuko tayari kuendelea."

Alitumia sentensi yangu, Mshauri. Yangu!

Baada ya siku chache binti akanifuata jikoni, akaegemea friji. "Mama, Bwana Ahirisho wako angekuletea mahakamani sababu hizi ulizotuletea sisi, ungemfanyaje?"

"Ningemchanachana."

"Basi." Akachukua mkoba wake. "Tarehe ni ileile. Kiti chako kitakuwepo mbele kabisa. Kukaa au kutokaa, utaamua mwenyewe." Tangu hapo ananisalimia kwa meseji tu, tena za neno moja.

Sasa nikueleze jambo ambalo ofisini sijalisema. Mkuu wangu hajui kwamba wakili wa washtakiwa wangu anakuwa mkwe wangu, na nadhani hata Bwana Ahirisho hajamwambia mtu, maana tukikutana koridoni siku hizi tunasalimiana kama wezi wawili waliotoka kugawana. Nikisema, nitaondolewa kwenye kesi, na nikiondolewa itakwenda kwa dada mmoja kijana anayenisaidia, msichana mzuri, mwenye bidii, lakini zile kampuni saba anazijua kwa majina tu, mimi nazijua kwa tabia. Nikinyamaza na washtakiwa wakashinda, watu watasema nimeiuza kesi kwa bei ya sherehe. Wakifungwa, ukweni watasema nimemkomoa mzee. Nimepiga hesabu hizi kila upande, na kila nikipiga jibu linatoka lilelile, harusi ingoje. Mume wangu ameniambia, "Umejumlisha kila kitu, mke wangu, ila mtoto mwenyewe humo simwoni."

Nisaidie, Mshauri. Nimejijenga kwa mikono yangu, sijawahi kumwibia mtu wala kuchelewa popote, kwa nini leo mimi ndiye ninayeonekana mkorofi? Nimwache nani, kesi au mtoto?

Wako,
Kikokotoo Aliyekwama

*

MSHAURI ANAJIBU

Kikokotoo mpendwa,

Pole, na hongera ya kupata mkwe. Pole nimekupa kwa kuwa umeiomba, lakini hongera ndiyo unayostahili, maana kijana anayeosha vyombo bila kuambiwa haokotwi barabarani, na baba yake anayekuvutia kiti hata baada ya kuitwa "Wewe!" mbele ya watu naye si haba. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka chai ikaniingia puani. Sasa nimejifuta, tuongee.

Unaniuliza umwache nani, kesi au mtoto. Mwenzangu, hilo ni swali la mtego, na wewe unayajua maswali ya mtego kuliko mimi. Hakuna aliyekutaka uchague. Binti yako hajasema uache kesi. Mkuu wako hajasema uache harusi, na atasemaje wakati hujamwambia? Unayetaka kumficha jambo ni wewe, na umeona maficho mazuri ni nyuma ya gauni la mwanao. Maisha yako yote umekuwa ukiwafuata watu mlango kwa mlango mpaka saluni, halafu leo unaniandikia kuniuliza namna nzuri ya kufunga mlango wako!

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujavua hata koti, ingia kwa mkuu wako ukamweleze, kisha umwandikie. Sentensi mbili zinatosha: binti yangu anaolewa na mtoto wa wakili wa utetezi, naomba uamuzi wako. Usiweke utetezi, usiweke jino wala presha. Na Bwana Ahirisho mpigie mapema umwambie unakwenda kusema, ili naye aseme kwa upande wake, jaji alisikie kutoka kwenu wenyewe mkiwa mmesimama wima. Mkisubiri, atalisikia kutoka kwa mtu aliyekula pilau ya harusi. Hapo kesi itachafuka yote, na watakaoumia ni wagonjwa waliokuwa wanazingoja zile mashine. Mashine zilikuwa zao, mama. Hazikuwa zako.

Utaondolewa? Inawezekana. Itakuuma? Sana. Lia siku moja, unaruhusiwa. Lakini umesema neno moja ambalo sikulipenda, kwamba yule dada anazijua kampuni kwa majina tu. Nani alimnyima tabia za hizo kampuni? Mtoto njiti hulelewa ili siku moja ashikwe na mikono mingine, na mama anayekataa mtu yeyote asimguse, tatizo si mtoto. Mkalishe huyo dada, mchukue hadi kwenye ule mlango wa saluni kwa miguu kama ni lazima, mpe kila kitu. Kama wewe ulijifunza hesabu kwenye mashati ya watu, yeye atashindwaje kujifunza akiwa na wewe pembeni? Hata wakikuacha uendelee, mfundishe vilevile. Kesi inayokaa kwenye kichwa cha mtu mmoja ni kesi inayoweza kuugua mafua.

Na kuhusu kuonekana mkorofi, ndiyo, siku ile ulikuwa mkorofi. Wifi yako alikuwa na haki ya kukutoza bili na kakuonea huruma. Siku ya harusi mkalishe yeye katikati yako na Bwana Ahirisho, na neno "napinga" uliache nyumbani pamoja na majalada. Akisema mwanawe anatunza miadi, piga makofi. Kijana alifika, baba alifika, tena mapema kuliko wewe. Ushahidi wenyewe ulikuwa umekaa mezani na shati la maua.

Mumeo msamehe. Mtu anayetengeneza saa akikwambia kuna kipande hakimo, msikilize.

Limebaki la binti yako, nalo ndilo la leo, usilisubirishe mpaka kesho. Yule mtoto amekulia kwa mama asiyeomba ahirisho, kwa hiyo ulipoliomba kwake yeye, kwa siku yake yeye, ndipo akachukua mkoba. Usimtumie meseji. Usimweleze kampuni saba. Una sentensi moja uliyoisema miaka yote kwa majaji wa kila namna, na juzi mtu mwingine kaiazima mbele ya macho yako. Kaichukue, ni yako. Piga simu sasa hivi, akipokea usimsalimie kwanza, mwambie, "Mwanangu, upande wa mama uko tayari kuendelea."

Halafu nyamaza, umsikie akicheka.