Vichwa vya Mzee Dale na Tonge la Nassir

Jumapili, 7 Septemba

Kwenye klabu ya shabaha tangu asubuhi. Bastola haina neno. Mkono hauna neno. Kazi ni vichwa vya risasi tu.

Tangu mwezi wa sita najaza risasi zangu mwenyewe na vichwa vya aina tatu, na leo nimevipambanisha kwa mara ya mwisho. Baruti ile ile, maganda yale yale, mkono juu ya mfuko wa mchanga nisije nikasingizia kutetemeka. Vya ganda la shaba vinapiga vizuri, lakini bei yake inamtoa mtu roho. Vile vilivyopakwa shaba juu juu ni nafuu, na vinatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Vya tatu ni vya Mzee Dale, mstaafu wa hapa klabuni, anayeyeyusha madini ya risasi kwenye garaji yake kule Oakdale na kumimina vichwa kwa mkono. Vya kijivu, vitupu, nta kidogo tu ubavuni. Siku ya kwanza nilivicheka. Leo matundu kumi kwenye karatasi ya shabaha yamefunikwa na kikombe kimoja cha kahawa.

Rahisi, na vinapiga. Nitafute nini tena? Tarehe ishirini ni mashindano ya jimbo. Klabu inapeleka wanne na mimi ni wa nne.

Athmani anasema hakuoa Mombasa ili huku ughaibuni alale na kauboi. Shauri yake. Ni yeye aliyesema mwanamke wa buibui hawezi kushika bastola.

Jumatano, 10 Septemba

Mwanangu Nassir alichomwa kidole kliniki, kipimo cha kawaida cha watoto. Analia, mimi nacheka, nampa biskuti. Mchana simu. Muthoni, muuguzi, Mkenya mwenzetu wa Nakuru. Damu ya mtoto ina madini ya risasi kupita inavyotakiwa. Turudi atolewe damu ya mshipa ili wahakikishe. Nafasi ya karibu ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Nikamwambia huyu mtoto haumwi. Anakula, anacheza, anapanda viti. Akasema wengi hawaonyeshi kitu. Inakaa mwilini kimya na inagusa ubongo. Kusema kunachelewa, kujifunza kunakuwa kuzito. Ati mara nyingi ni rangi za zamani za nyumba.

Ana mwaka na nusu. Maneno yake ni mawili, "maji" na "paka". Mpaka jana tulikuwa tunachekea jambo hilo. Leo nimekaa naye sakafuni nikamwambia sema mama, sema mama, mpaka akakasirika akanipiga na kiatu.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia mwenye nyumba. Nyumba hizi za mtaa wetu wa Phillips zina umri wa bibi yangu, rangi juu ya rangi. Alikuja mwenyewe, na makaratasi. Ati madirisha yalibadilishwa na kuta zikakwanguliwa kabla hatujahamia. Nikamwambia makaratasi hayapimi damu. Nikapandisha sauti. Nikamwita muuaji wa watoto pale barazani, majirani wamesimama. Akawa mwekundu, akakusanya makaratasi yake, akaondoka.

Athmani anataka tuhame. Mwezi huu huu, hata Lakeville, nje ya mji, tutakwenda. Nimemwambia hatuhami mpaka huyu bwana alipe.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikulala vizuri. Nimeamka nikajaza risasi, maana ndiyo kazi pekee inayonituliza. Mashine nimeifunga kwenye meza ya jikoni. Ganda, fataki ya kuwashia, baruti, kichwa, vuta mkono wa mashine. Kila kichwa nakichukua, nakizungusha kati ya vidole kutafuta ufa, nakipima kwenye mizani, ndipo nakiweka. Mzee Dale kaniuzia boksi zima, zito kama jiwe la kusagia. Kila kimoja nimekishika. Ndipo utofauti unapoonekana, wenzangu wanavitumia tu bila kuchagua.

Mchana nikapika wali na samaki wa nazi. Tumekaa chini kama kawaida, sinia moja. Athmani akanimiminia maji kwa birika, nikanawa, tukala. Nassir kijiko hakitaki, anakitupa. Anataka tonge kutoka mkononi mwangu tu, si kwa baba yake, si kwa mtu mwingine. Amekula matonge mengi leo. Nikasema alhamdulillahi, angalau anakula.

Jumatatu, 15 Septemba

Dukani nilipotoka kazini nimenunua vijiti vya kupimia. Unasugua mahali, kikipata madini hayo kinageuka chekundu. Nimesugua madirisha yote. Kuta. Milango. Ngazi. Reli ya kitanda chake.

Hakuna. Vyeupe vyote.

Nikasugua tena dirisha la chumba chake, kwa nguvu, karibu nivunje kijiti. Nilitaka kiwe chekundu. Wallahi nilitaka. Angalau ningejua adui ni nani.

Jumanne, 16 Septemba

Nitaandika haraka.

Nimerudi kazini, nikakaa kuchagua vichwa vya mazoezi ya kesho. Vidole vikawa vya kijivu kama siku zote. Nikaita watu kula. Birika, maji, nikanawa. Nikapeleka mkono kwenye sinia na Nassir kishafungua mdomo. Na kijiti kimoja cha kupimia kilikuwa kimebaki juu ya friji, nakiona.

Sijui ni nini kilichoniinua. Nikasema subirini. Nikasugua kwa kijiti vidole vyangu vilivyooshwa.

Kimekuwa chekundu kabla sijakitoa kwenye kidole gumba.

Sisi kwetu kabla ya kula ni maji matupu. Sabuni ni baada ya kula, ya kutoa mafuta na harufu ya samaki. Ndivyo mama alivyonilea, na mama yake. Hakuna siku niliyofikiri mara mbili. Miezi mitatu nashika vile vichwa kimoja kimoja, nanawa maji, kisha namtilia mwanangu mdomoni kwa vidole hivi hivi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye nguo. Nilikwenda chooni nikajifungia. Athmani anauliza nini, nikasema tumbo.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwambia.

Nilidhani Athmani atapiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliangalia kile kijiti, akaangalia mikono yangu, akaenda kukaa na mtoto. Baadaye sana akasema, "Kuanzia leo nitamlisha mimi." Basi.

Nimempigia Muthoni. Nilimweleza huku nalia kama mtoto. Akasema, "Mama Nassir, skiza. Sasa tunajua inatoka wapi, hiyo ni nusu ya dawa. Sabuni kabla ya kushika chakula, toa hiyo mashine jikoni, osha meza na sakafu, na nguo za klabu zifuliwe peke yake." Akaniuliza kama bado nitampeleka Jumamosi. Nikasema nitampeleka hata kwa kutambaa. Jumamosi ni tarehe ishirini.

Nimempigia na mwenye nyumba. Nilimwomba radhi. Akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nyani haoni kundule, ndiye mimi huyo.

Jumamosi, 20 Septemba

Wenzangu watatu wako uwanjani. Nahodha amenitumia ujumbe mara mbili, nimezima simu.

Nassir alishikwa na watu wawili, na mimi wa tatu. Mshipa hauonekani. Sindano mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili, hapana. Ananiangalia mimi, haangalii sindano. Mara ya tatu damu ikatoka, nyeusi kuliko nilivyotarajia, ikajaza kichupa kidogo. Nimekodolea macho kile kichupa kana kwamba naweza kuyaona hayo madini ndani yake.

Nimepiga shabaha miaka minne. Leo nilishindwa kumfunga vifungo vya koti.

Jumatano, 24 Septemba

Majibu. Imethibitika. Iko juu, ila si ya kulazwa wala ya dawa za kutoa madini. Itashuka yenyewe ikiwa hapati mpya. Ikiwa. Kipimo tena mwanzoni mwa Desemba. Nikauliza na ubongo je? Daktari akasema tutafuatilia. Nikauliza tena. Akasema tutafuatilia.

Nimesugua sakafu ya jikoni mpaka magoti yamechubuka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudisha boksi kwa Mzee Dale. Nilikwenda na hasira zangu zimejaa kifuani. Nikamkuta garajini amevaa glavu na barakoa, ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni, hakanyagi ndani ya nyumba yake bila kunawa. Nikamweleza. Mzee alikaa juu ya kigoda, akavua kofia. Akasema alidhani kila mtu ananawa kwa sabuni kabla ya kula. Na mimi nilidhani kila mtu ananawa kwa maji. Sikupata wa kumgombeza.

Kanionyesha vichwa vyake vingine, vimeokwa na rangi ngumu ya kijani inayofunika madini yote. Bei inazidi kidogo tu. Nimevijaribu klabuni, na glavu: kikombe cha kahawa kimefunika tisa, la kumi limetoka pembeni. Vinatosha. Vilikuwa vinatosha tangu mwezi wa sita, laiti ningevitafuta. Nilishikilia lile tundu moja.

Mashine iko klabuni sasa, kwenye kabati lenye kufuli. Hairudi nyumbani.

Nyumbani nanawa mpaka ngozi inapasuka. Muthoni keshaniambia mikono iliyooshwa kwa sabuni ni salama, nimlishe mtoto. Siwezi. Nikikaribia sinia nakiona kile kijiti chekundu. Athmani anamlisha. Siku za kwanza Nassir alilia akanyoosha mikono kwangu, nikaondoka kwenda chumbani nisimsikie. Sasa halii.

Jumapili, 14 Desemba

Theluji. Mtaa kimya.

Juzi kliniki walipiga simu na majibu. Imeshuka. Haijaisha lakini imeshuka vizuri, na wanaendelea kumpima. Maneno yake sasa ni sita. Athmani aliposikia alikuja akanishika bega. Ni mara ya kwanza tangu Septemba.

Leo nimepika pilau. Nilinawa kwa sabuni, nikasuuza, nikanawa tena. Athmani akanisogezea sinia, akanyanyua mkono wake akauweka pajani. Nikaelewa: leo nimlishe mimi. Nikafinyanga tonge dogo, nikalipuliza lipoe, nikampelekea Nassir mdomoni.

Aliangalia mkono wangu. Akageuka, akamfungulia mdomo baba yake.

Tonge nimelila mwenyewe.